Karatasi ya talaka peke yake haitoshi

Kuna mwandishi anasema mama wa Newala, Mtwara, aliyeolewa kwa ndoa ya Kiislamu, akishapewa na mumewe karatasi ya talaka anakwenda moja kwa moja mahakamani kudai mgawanyo wa nyumba na mikorosho. Hapana, atarudishwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. La BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) lililotambuliwa linafaa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema limeshindwa, na hati iliyozidi miezi 6 haipokelewi. Halafu kifungu cha 107(3) kinataka talaka ya Kiislamu itoke baada ya hati hiyo. Wanaume wengi, kwa hasira zao, hutanguliza talaka. Mgawanyo wa mali wenyewe uko kifungu cha 114, na jasho la shambani nalo ni mchango, hata kama shamba limeandikwa jina la mume.