Goma inaanguka, ANR ilikuwa inamsikiliza nani?

Juzi nimeona kwenye simu tangazo la kazi: idara ya ujasusi ya hapa Ubelgiji inatafuta watu, wameandika na lugha wanazohitaji na namna ya kuomba, wazi kabisa, kama duka linatafuta muuzaji. Nikamwonyesha shemeji yangu, tumetoka naye Goma, mashariki ya Congo, akaniambia funga hiyo kitu haraka. Mtu ana pasi ya Ubelgiji tangu zamani lakini akisikia ujasusi bado anapunguza sauti. Simlaumu. Sisi wa kule tukisikia watu wa ANR, idara ya ujasusi ya Congo, wamefika mtaani hatuwazi adui wa nchi, tunawaza jirani gani analala kasho, yaani mahabusu, leo.

Na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu watu wanasema vita ndiyo iliua ujasusi wetu. Hapana bwana, vita ilikuta maiti. Mobutu alibadilisha majina ya idara tu, leo CND, kesho AND, baadaye SNIP, pembeni kuna wa kijeshi, wote wanachunguzana, kila mkubwa anapeleka siri yake kwa rais ili amharibie mwenzake. Matokeo tuliyaona: AFDL, waasi wa Laurent Kabila, ilianza Kivu mwishoni mwa 1996, Mei 1997 iko Kinshasa. Laurent Kabila akaunda ANR mwaka huohuo, Januari 2001 akapigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe, ndani ya jumba lake. Idara inayomlinda mtu mmoja kuliko nchi, hata huyo mtu mmoja imeshindwa kumlinda!

Halafu Goma. Novemba 2012 waasi wa M23 wameingia. Juni 2022 wamechukua Bunagana, mpakani na Uganda, wakakaa pale, si siku mbili, miaka, na Januari 2025 wakaingia Goma tena, Februari Bukavu. Msiniambie habari hazikuwepo. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wanaoshusha makabichi kutoka Kibumba wanajua nani amepita usiku, wamotari wanajua, mama wa soko la Virunga anajua kabla bei haijapanda. Habari zilijaa. Ila wa kuziokota hana mshahara wa maana, anaishi kwa kusumbua abiria kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, macho yake yako kwenye mabegi. Na akiandika kweli kwamba kilima fulani kimeshachukuliwa na waasi, anaulizwa yeye amejuaje, labda ni mwenzao? Basi anaandika hali ni shwari, anabaki na kazi yake. Mwanasiasa wa upinzani au mwandishi wa habari akisema neno moja, huyo atapatikana saa ileile.

Najua mtakachosema. Umekula frite za wazungu sasa unatudharau, hao Wabelgiji si ndio walihusika na kifo cha Lumumba? Ndiyo, walihusika, bunge lao lenyewe limekubali mwaka 2001. Na tabia ya kumchunguza raia walituachia wao, mhubiri wetu Kimbangu alifungwa 1921 akafia gerezani 1951 na hakuwa na bunduki. Sijasahau kitu na siombi tuwe kama wao. Mimi ni mtoto wa Birere, mtaa wa Goma, watu wetu wana akili ya kusoma hali kuliko agenti yeyote wa hapa, nasema kwa kujivuna kabisa.

Lakini hapa pia walishindwa. Tarehe 22 Machi 2016 mabomu ya Brussels yaliua watu 32, na Uturuki ilikuwa imetoa habari za mmoja wa waliojilipua. Unajua kilichofuata? Mawaziri wawili waliomba kujiuzulu, bunge likaunda tume, wakubwa wakaulizwa: habari ilifika lini, kwenye meza ya nani, ikalala kwa nini. Tangu 1991 kuna sheria na kamati ya kuzikagua idara hizo. Tofauti ninayoiona ni hiyo tu, kuulizwa.

Mwingine ataandika hapa chini kwamba tatizo ni Kigali. Jeshi la Rwanda liko, Umoja wa Mataifa umeandika mara ngapi. Sasa kama unajua una jirani wa hivyo, ujasusi ulikuwa wa kazi gani? Niambieni nani alikaa Goma kuanzia Bunagana ilipoanguka mpaka ile Januari, alituma nini Kinshasa, aliyepokea alifanya nini nayo. Waitwe mbele ya bunge, redio zirushe moja kwa moja, kwa lingala na kwa kiswahili, wakimbizi walio kambini nao wasikie.