Anayebaki siku ya ziara

Mwishoni mwa Januari, kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi hapa Iringa, ajenda iliyokula muda kuliko zote haikuwa madawati wala uji wa saa nne. Ilikuwa ziara ya darasa la tano kwenda Isimila, kwenye korongo la zana za mawe za kale, na Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, mwezi Februari. Walimu waliomba shilingi 15,000 kwa kila mtoto, kwa ajili ya basi dogo la Kosta, viingilio na soda. Baba mmoja akasimama: "Mwalimu, mwanangu hajui kugawanya kwa tarakimu mbili, halafu mnampeleka kuangalia mawe?" Watu wakapiga makofi. Ziara ikafutwa.

Makofi yale bado ninayo masikioni. Wazazi wale si wachoyo, na sababu zao si za kubeza. Wengi tumeona "ziara ya mafunzo" ambayo mafunzo yake ni muziki ndani ya basi na chipsi za njiani. Mtoto anarudi na picha kwenye simu ya mwalimu, ukimuuliza alichokiona anakutajia soda. Mzazi aliyelipia safari ya namna hiyo mara moja ana haki ya kukunja uso mara ya pili.

Hata hivyo, hoja ya muda, ile iliyopigiwa makofi zaidi, ndiyo nyepesi kuliko zote. Darasa la pili linapimwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. La nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na la saba wana mtihani wao Septemba. Darasa la tano halina mtihani wa taifa. Kama kuna watoto wanaoweza kuazima siku moja bila kuumiza matokeo ya shule, ni hao. Na hesabu haibaki darasani mtoto akitoka. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa mwaka 1898, na fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kutoa 1898 kwenye 1954 ubaoni ni jibu tu: 56. Mtoto akiifanya hesabu hiyo Kalenga, mbele ya kisanduku cha kioo chenye fuvu lenyewe, miaka 56 inakuwa umri wa babu yake. Ataelewa pia kwa nini suala la fuvu la mtu mmoja liliandikwa ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919. Hilo nimelieleza mara nyingi kwa maneno matupu, na sijawahi kuona macho ya mtoto yakibadilika.

Isimila ni hivyohivyo. Ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, ukishika barabara ya Mbeya. Zana za mawe zimelala pale pale kwenye korongo zilipotengenezwa na watu walioishi zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, na karibu yake zilifukuliwa hadi mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Tuna watoto wanaonakili "Zama za Mawe" kutoka ubaoni wakati zama zenyewe ziko mwendo wa nusu saa kwa gari. Watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuliona korongo hilo. Mtoto wa Kihesa au Ipogolo anamaliza la saba hajakanyaga.

Usalama ni hoja nzito zaidi. Barabara ile ni ya malori ya Tunduma, na hakuna mzazi aliyesahau ajali ya Karatu ya tarehe 6 Mei 2017 iliyoua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Lakini tukumbuke walikokuwa wakienda. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Kama basi bovu, mwendo mkali na utelezi ni sababu ya kufuta safari, basi na mitihani hiyo ya pamoja, ya ujirani mwema, ifutwe. Hatuifuti. Tunachopaswa kudai ni gari lililokaguliwa, safari ya mchana, na mtoto mmoja kwa kiti kimoja, iwe wanakwenda kwenye mtihani au kwenye korongo.

Inabaki fedha, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na mchango wa lazima umepigwa marufuku. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukiondoa sehemu ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Igawe kwa siku 194 za masomo: shilingi 31 kwa siku, haifiki bei ya pipi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika. Ziara haimo na haiwezi kuwemo. Kwa hiyo inaitwa mchango wa hiari.

Kwangu mimi ninayezitetea ziara, hilo "hiari" ndilo neno linalonichoma. Hiari ni ya mzazi, lakini anayebaki ni mtoto. Siku ya safari walimu wawili wa darasa wamepanda Kosta. Waliobaki wanaunganishwa na darasa la nne, watatu kwenye dawati lililotosha wawili, au wanapewa mafagio. Wenzao wakirudi jioni wanasikika wakiimba kabla gari halijafika getini. Kesho yake mwalimu, bila nia mbaya kabisa, anaandika ubaoni: "Andika insha kuhusu ziara yetu." Aliyebaki aandike nini? Nimemwona mtoto akiandika insha nzuri ya safari ambayo hakwenda, akiwa ameokoteza kwa wenzake rangi ya mawe na jina la mtembeza wageni. Alipata alama za juu.

Ziara inayoacha mtoto hata mmoja kwa sababu ya umaskini bora isifanyike. Hapo niko upande wa waliopiga makofi. Lakini wao waliishia kwenye kufuta, wakati ratiba yenyewe ilikuwa mbovu. Februari kila nyumba imetoka kununua sare na madaftari, na fedha iliyobaki imekwenda kwenye mbolea. Tena ni masika ya kwetu, na korongo la Isimila ni njia ya maji. Agosti mahindi yameshavunwa, ardhi ni kavu, na mzazi ana chochote mkononi. Kabla ya hapo, darasa zima linaweza kwenda kwa miguu mpaka jiwe la Gangilonga, likashukia Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Safari hiyo haihitaji Kosta, na hakuna sababu ya mtoto kubaki.

Kwa Isimila fedha itahitajika. Shule ile ina shamba nyuma ya madarasa. Mahindi yake yamepaliliwa na watoto haohao, darasa la tano na la sita, niliwaona na majembe yao wiki ileile ya mkutano. Hakuna aliyeuliza yatauzwa lini na fedha yake itafanya nini. Mkutano ujao nitauliza mimi.