Miji ya barabarani: nilichokiona Tama na ninachokihofia Ilula

Wadau habari za saa hizi. Mimi mtoto wa Ilula, Iringa, nimekulia kando ya TANZAM, ile barabara kuu ya Dar kwenda Zambia, saivi mwaka wa sita nipo Cedar Rapids, jimbo la Iowa huku Marekani, na leo nataka niongelee miji ya barabarani kwa sababu naona huko nyumbani ikitajwa baipasi, barabara ya kuchepuka mji, watu wanashangilia tu, hakuna anayeuliza wauza nyanya watahamia wapi.

Huku ninapokaa inapita barabara ya zamani inaitwa Lincoln Highway. Ni katika zile za kwanza kabisa kuivuka Marekani nzima kwa ajili ya magari, ilizinduliwa 1913, kutoka Times Square New York hadi Lincoln Park San Francisco, zaidi ya kilomita 5,400. Msidhani ilikuwa lami. Sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu, na udongo wa Iowa ukinyeshewa ni kama wa kwetu masika, gari linazama linagoma. Walioianzisha walikuwa wafanyabiashara, Carl Fisher wa ule uwanja wa mashindano ya magari Indianapolis na Henry Joy wa kampuni ya magari ya Packard, wakawa wanapata saruji kwa wenye viwanda wanamwaga zege maili moja tu mahali pabovu, ili watu waonje raha ya barabara nzuri afu wenyewe waanze kuidai. Maili ya kwanza ilimwagwa Malta, Illinois, mwaka 1914, na maili hizo waliziita za mbegu.

Miji nayo ikachangamka. Tama, mji mdogo ambao haufiki hata saa moja na nusu kwa gari kutoka kwangu, mwaka 1915 walijenga kidaraja cha zege ambacho kingo zake ndo herufi zenyewe, LINCOLN HIGHWAY, herufi nzito za zege unaziona mwili mzima na kati yake unachungulia kijito. Nilienda Jumapili moja nikapitisha mkono kwenye ile L, inakwaruza, ya baridi, miaka zaidi ya 100 na bado ipo. Nikasimama pale kama nusu saa na gari zilizopita sidhani zilifika kumi. Nikakipiga picha nikamtumia mama WhatsApp, akaniuliza, sasa mwanangu mbona hapo hakuna mtu anauza kitu?

Ndo hapo kwenye hoja yangu. Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa magari kutoka Washington hadi San Francisco, sehemu kubwa ukifuata barabara hiyo hiyo, wakatumia siku 62, na mmoja wa maofisa alikuwa Eisenhower. Huyo huyo akiwa rais, 1956, akasaini sheria ya barabara kuu za kisasa, ikaja barabara kuu ya I-80 imenyooka kusini ya miji hii, gari zikahamia huko. Hata barabara ya US 30 iliyorithi njia ya Lincoln saivi inapita pembeni ya Tama. Belle Plaine, mji mwingine wa Lincoln Highway hapa Iowa, kuna kituo cha mafuta cha Preston kimejaa vibao vya matangazo ya zamani ukuta mzima, watu wanaenda kupiga picha, mafuta hakuna.

Sasa njoo Ilula. Basi likipunguza mwendo tu, watu hao dirishani. Mama yangu alikuwa anapanga nyanya kwenye ndoo ya sado, zile kubwa zinakaa juu, anaibeba kichwani mkono mmoja umeshika ndoo mwingine unapokea noti kutoka dirishani, na chenji anairudisha basi limeshaanza kutembea, anakimbia nalo mpaka airudishe. Ada yangu ya sekondari yote imetoka kwenye madirisha ya mabasi. Na zile dakika kumi za kuchimba dawa, basi linasimama watu wajisaidie, abiria anashuka anakunywa chai ananunua na kitunguu, hizo dakika kumi ndo mji wenyewe.

Kwenye kutunza kumbukumbu wenzetu wametupita mbali na nawapa heshima yao. Mwaka 1928 vijana wa skauti walisimika nguzo za zege kwa maelfu njia nzima na hadi leo unazikuta nyingine zimesimama, wakati sisi Iringa, Dodoma, Arusha zote zilikuwa kwenye Great North Road ya kutoka Cape Town kwenda Cairo na mimi nimesoma Iringa mpaka namaliza sijaonyeshwa hata jiwe. Lakini ukumbusho umebaki soko limeondoka, mimi hilo sitaki litukute.

Sipingi barabara, kukimbia pembeni ya basi ni hatari na nimeona mtoto mwenzetu akigongwa. Ninachosema, kabla ya baipasi kufunguliwa soko liwe limeshajengwa pale inapochepukia, lina kivuli, choo, maegesho ya malori, na wale wale kina mama ndo wapewe meza, sio wageni wenye hela. Na nyie wa Chalinze na Gairo, kwenye barabara ya Dar kwenda Dodoma, tuambieni, tangu watu waanze kupanda treni ya SGR mwaka 2024 biashara ya barabarani ikoje? Mama lishe wanauza kama zamani?