Kuzunguka si woga

Habari inasema ndege imezunguka juu ya ziwa kabla ya kutua hapa Mwanza kwenye mvua, basi wachangiaji wa habari hiyo mmeshamwita rubani mwoga. Jamani! Tangu Novemba 2021 kanuni za kimataifa zinataka hali ya njia ya kurukia itolewe kwa namba, kwa kila theluthi yake: 6 ni kavu, 5 imelowa, maji yakituama zaidi ya milimita 3 inashuka hadi 2. Hapo matairi huweza kuelea, breki zisishike. Na mvua yetu mnaijua, Nyegezi inamwagika huku Ilemela jua linawaka. Taarifa ya robo saa iliyopita huenda imeshachacha, hivyo kuzunguka ukisubiri mpya si woga. Mwandishi wa habari hiyo angetuulizia hili: nani alikwenda kupima yale maji, na rubani alipewa namba ngapi?