Shemeji kaja kutembezwa, miguu yangu ndo imekoma

Jamani hapa nnapoandika miguu imo kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, mke wangu hasemi na mie tangu magharibi, na yote haya kwa sababu ya neno moja tu, "twende tukatembee".

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, kaja jana na boti kutoka Pemba. Mtu wa Wete huyo, hajafika Unguja mjini siku nyingi. Mie nikampangia mpango mzuri wa mtu mwenye goti bovu, nikamwambia kaka tunashuka zetu Forodhani, tunakaa ukutani, tunapigwa na upepo, tunaangalia bahari, tunarudi. Akanitizama kama nimemtukania mama yake. "Bahari? Miye nimetapika kwenye hiyo bahari jana tu. Nipeleke Ng'ambo nikaone watu."

Haya. Tukapanda daladala ya 502 pale Bububu, utingo anapiga kelele songeeni nafasi ipo, na nafasi nloiona mie ilikuwa ni mapajani mwa bi mkubwa mmoja kapakata ndoo ya dagaa. Kushuka tu Darajani swali la kwanza, "Daraja liko wapi?" Miaka yote napita hapa sijawahi kuulizwa na mtu! Nikamweleza kuwa zamani hii barabara kubwa yote ilikuwa maji, mkono wa bahari umeingia unakata baina ya Mji Mkongwe na huku, ndo maana huku kukaitwa Ng'ambo, na daraja lilikuwepo, basi maji yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo bahari mmeifukia wenyewe halafu unanambia nikaitizame Forodhani." Sasa mtu kama huyo unamjibu nini?

Tukaingia sokoni. Soko la mwaka 1904 hilo, na mie naapa yale maji ya chini upande wa samaki ni ya mwaka huohuo, maana nimeyakanyaga na makubadhi yangu mapya na mpaka sasa yananuka. Shemeji kasimama kwenye changu mmoja anapatana bei robo saa nzima, na samaki hanunui, nyumbani hatukuagizwa samaki! "Kwetu bei hii napewa changu na mvuvi wake." Yule muuzaji wala hakukasirika, kasema tu, "Basi kamlete huyo mvuvi tumtie kwenye mizani."

Sasa kutoka Darajani mpaka Michenzani mtu mwenye shughuli zake ni kama robo saa kwa miguu. Sie adhuhuri ilitukuta Mchangani na alasiri ikatukuta Mlandege. Kwa nini? Salamu! Kila duka la tatu mna Mpemba, na kila Mpemba lazima aulize weye wa kwa nani, wanaanza kwa baba, wanapanda kwa babu, wanahamia kwa mjomba alooa Konde, mpaka wapate pahala damu imegusana hata kwa jirani wa mkwe, hapo tena ndo viti vinaletwa na kahawa, na mie nimesimama nje juani na mifuko. Mie nlozaliwa hapahapa mjini nimesalimiwa na mtu mmoja tu kutwa nzima, fundi viatu, na huyo ananidai.

Hapo Mchangani ndo mke wangu akapiga simu, nataka kanga, zambarau, usiniletee nyengine. Muuzaji kaniuliza unataka ya jina gani, mie miwani nimeisahau nyumbani, jua linanichoma kisogo, shemeji yuko duka la pili anahesabiana mabibi na mtu, nikasema jina lolote bwana we nipe zambarau. Kakunja, katia mfukoni, nikalipa. (Hapa mnikumbushe.)

Kufika Michenzani akasema ana rafiki yake mkubwa anakaa humu, nyumba namba tano, ghorofa ya juu. Zile nyumba za enzi za mzee Karume mnazijua urefu wake, unaanza kuitembea nyumba kijana unaimaliza mzee, na ngazi haziko moja, ziko chungu nzima. Tukapanda ngazi ya kwanza, mtoto kafungua mlango kasema sio hapa. Tukashuka. Tukapanda ya pili, goti linalia kama mlango wa mbao, kumbe sio. Ya tatu tukapata mama mmoja anaemjua, kacheka, "Huyo kahama zamani! Yuko Bububu, nyuma ya msikiti." Nyuma ya msikiti wetu! Naswali nae!

Njaa imeshatuuma, tukakaa kwenye urojo. Hapo sina lawama, ule urojo ulikuwa urojo, ukwaju na embe mbichi umekolea, bajia, kachori, mbatata, mishkaki miwili, chipsi za muhogo juu zinalia kru kru, chatne ya nazi, pilipili ya kutokwa na makamasi. Shemeji kanywa kwa kuinua bakuli, na nusu ya ule urojo wa manjano ikashukia kifuani kwenye kanzu nyeupe. Kanzu yangu. Nimemuazima asubuhi, nnayo moja ya Ijumaa.

Tumerudi magharibi. Mke wangu kapokea mfuko kwa furaha, kaikunjua ile kanga pale sebuleni, rangi ndo yenyewe, anatabasamu, akashuka kwenye jina akalisoma kimya. Akarudia kwa sauti. "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye." Kaka yake kacheka mpaka kapaliwa na kahawa, sa hizi yuko chumbani anakoroma.

Mwenyewe kajifunga doti zima hivyohivyo, halijakatwa wala kupindwa, na kila dakika tano anapita nalo mbele yangu, anakwenda anarudi, polepole, ule upande wa maandishi kwangu. Miwani kaniletea yeye mwenyewe.