Kilimanjaro Ipi Hasa?

Huko Japani, kahawa ya Tanzania ya aina ya arabika huuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imechumwa Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka mlimani. Ndiyo desturi ya soko lao, na sina ugomvi na wanywaji wake. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, tunaojinadi kwa kahawa ya chimbuko moja, yaani iliyotoka mahali pamoja panapojulikana, huku tukiridhika na jina linaloweza kufunika karibu nchi nzima.

Katika vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga, mibuni hukua chini ya migomba, mingine ikipata maji ya mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu, na kadiri kihamba kinavyopanda juu ndivyo ubaridi unavyochelewesha tunda kuiva. Tunda lililoiva polepole hivyo huwa na punje ngumu na ule uchachu mzuri ambao mnywaji huutambua tangu funda la kwanza. Yanayofuata yamo mikononi mwa mkulima. Akichuma mabichi pamoja na mabivu, kikombe kitakuwa na ukakasi. Akichelewa kumenya, matunda yataanza kuvunda ndani ya gunia. Kubwa zaidi ni kuchachusha, yaani kuilaza kahawa iliyomenywa ili utelezi wake ulegee: ikilazwa kupita kiasi hunuka kama siki, na ikioshwa mapema mno hubaki na utelezi unaoiharibu kichanjani. Saa haitoshi kuamua, kwa kuwa kijiji chenye baridi huhitaji muda mrefu kuliko cha tambarare, ndiyo maana wazoefu huzamisha mkono na kuzisugua punje mpaka wasikie zinakwaruza kama changarawe. Kazi yote hiyo hufanyika kwa takribani kilo 6 za matunda ili ipatikane kilo 1 tu ya kahawa safi.

Halafu tunaitambulisha kwa nini? Kwa AA, ambayo ni ukubwa wa punje uliopimwa kwa chekeche, wala si ladha. Kahawa ya daraja B kutoka kijiji cha juu yaweza kuishinda AA ya mahali pengine bila taabu. (Tena tusiwalaumu wageni peke yao: niliwahi kuomba kahawa katika hoteli moja mjini Moshi, nikaletewa kopo la unga wa kukoroga na chupa ya maji ya moto.)

Kahawa ya vijiji viwili ikimwagwa katika lundo moja, umakini wa mmoja humlipia mwenzake mzembe. Ningependa chama cha msingi cha ushirika kitenge kahawa ya kila kijiji na kuliandika jina la kijiji juu ya gunia hadi kwa mkaangaji. Sampuli huonjwa kabla ya mnada, kwa hiyo maelezo ya waonjaji yapo tayari; yarudishwe kijijini pamoja na malipo, yasomwe mkutanoni, ili aliyechuma mabivu matupu ajue kikombe chake kilisemwaje.