Na sisi tupimwe ardhi yetu
Ahsanteni kwa habari hii ya satelaiti zinazopima ardhi inavyosogea, ila nyie wachangiaji mnaosema kupima ardhi na matetemeko ni mambo ya Wajapani tu mie sikubaliani nanyi hata kidogo. Agosti 2020 si lilipiga tetemeko baharini pwani yetu hii hii na Unguja watu wakatoka nje mbio, mushasahau? Na 2007 kule mlima Gelai karibu na Ziwa Natron matetemeko yalipiga mfululizo, picha za rada za satelaiti ndo zikaonesha magma (mwamba ulioyeyuka) imejipenyeza chini kwa chini ikaitanua ardhi bila kutoka juu pale, sasa bila zile picha tungejuaje jamani?? Vituo vya GPS, vile vinavyopokea ishara za satelaiti kujua mahali vilipo hasa, vinaonesha upande wetu wa mashariki unaachana na Afrika iliyobaki milimita chache kila mwaka, kidogo sawa, lakini Japani 2011 kuna kituo kilihama zaidi ya mita 5 kwa tetemeko moja! Tunataka vituo vya GPS vya kudumu vya kutosha Unguja na Pemba, na data wapewe vijana wetu wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) wazichambue wenyewe.